Uzamili Mombasa: namna ya kupata msaada wa chuo na kujijenga kikazi kabla ya kuhitimu

Mwanafunzi wa uzamili hapa Mombasa mara nyingi ni mtu mwenye kazi tayari. Ni mwalimu anayevuka Likoni asubuhi na kurudi jioni, ni muuguzi wa zamu katika Hospitali Kuu ya Pwani, ni karani wa mizigo Kilindini anayeingia darasani Ijumaa jioni akiwa bado na shati la kazini. Muda wake ni mchache na chuo hakimfuati. Shahada ya kwanza ilikuwa na ratiba, mitihani na darasa zima la kuuliza habari. Hii ya pili, masomo ya darasani yakishakwisha, humwacha na mada, msimamizi na kimya.

Msaada upo, lakini umetawanyika: kidogo uko maktabani, kidogo kwa mratibu wa uzamili wa idara, kidogo ofisi ya ushauri nasaha, na mwingine uko nje kabisa ya geti la chuo. Anayemaliza kwa wakati ni yule anayejua aombe nini, kwa nani na lini, tena anayeacha maandishi kila anapoomba. Mwongozo huu unafuata safari hiyo tangu usajili mpaka tasnifu iliyojaladiwa. Nimeuandika nikifikiria Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM) pale Tudor na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, vyote viwili vilivyopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, pamoja na kampasi za vyuo vya bara zilizo mjini. Mengi humu yanamfaa pia aliye kwingine Kenya, na wa uzamivu atayakuta yake.

Hatua ya kwanza: soma kanuni kabla ya vitabu

Wiki ya kwanza, omba kitabu cha kanuni za masomo ya uzamili kutoka kurugenzi inayosimamia masomo hayo. Kisome chote, kisha uandike pembeni mambo haya: muda wa chini na wa juu wa kumaliza, idadi ya wasimamizi unaostahili (kwa kawaida ni wawili), ripoti za maendeleo zinatakiwa kila baada ya muda gani, utaratibu wa kuahirisha masomo, utaratibu wa kubadilisha msimamizi, na kama unatakiwa kuchapisha makala kabla ya kuhitimu. Vyuo vingi vya Kenya hudai makala katika jarida ambalo kazi hupitiwa kwanza na wataalamu, na kwa uzamivu hudai zaidi. Wengi huligundua sharti hilo wakiwa tayari wamekwisha kuandika sura ya tano, na makala huweza kuchukua mwaka mzima tangu kutumwa hadi kukubaliwa.

Kuahirisha masomo nako kuna adabu yake. Ukikwama kwa ugonjwa, uzazi au karo, andika barua ya kuahirisha kabla semesta haijafungwa. Ukinyamaza tu, saa ya muda wa juu inaendelea kuhesabu na karo inaweza kuendelea kudaiwa.

Hatua ya pili: msimamizi

Hapa ndipo shahada nyingi huponea au kufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Msimamizi wako anafundisha, anasahihisha mitihani, yumo kwenye kamati, na pengine ana wanafunzi wengine kumi wa uzamili. Hakumbuki mlichosema Machi. Kazi ya kukumbuka ni yako. Omba kikao cha kudumu, hata cha nusu saa kila baada ya wiki tatu, badala ya kumvizia mlangoni. Siku nne au tano kabla ya kikao mtumie kurasa chache na maswali yasiyozidi matatu. Sura nzima ya kurasa hamsini iliyotumwa usiku wa kuamkia kikao haitasomwa, na si haki kutarajia isomwe.

Baada ya kikao, siku hiyohiyo au kesho yake, andika barua pepe fupi, ukinakili kwa msimamizi wa pili. Kwa lugha yoyote mnayotumia, iwe na umbo hili:

"Salamu Daktari. Nashukuru kwa muda wako jana. Nimeelewa tumekubaliana hivi: katika sura ya pili nibakishe nadharia moja; dodoso nitalijaribu kwa watu kumi baada ya kupata kibali; rasimu mpya nikutumie kufikia tarehe 14. Nawe utanipa maoni kufikia tarehe 28. Kama kuna nililolielewa vibaya, naomba unisahihishe."

Barua hiyo ya mistari sita ina faida tatu. Inakulazimisha uelewe ulichoambiwa. Inamkumbusha mwalimu ahadi yake bila kumgombeza. Na siku kutakapotokea ubishi kuhusu nani alichelewesha nini, au msimamizi akahamia chuo kingine katikati ya kazi yako, utakuwa na historia nzima yenye tarehe.

Msimamizi akinyamaza je? Sisi wa Pwani tumelelewa kumstahi mwalimu, na ni vyema. Lakini heshima haikatazi kukumbusha. Zikipita wiki mbili bila jibu, mwandikie tena kwa upole ukiambatisha kazi ileile. Zikipita mbili nyingine, mpigie simu au mfuate ofisini saa zake za wanafunzi. Baada ya hapo zungumza na msimamizi wa pili, kisha mratibu wa uzamili wa idara, kisha mwenyekiti wa idara, ukiwa na nakala za barua zako. Panda ngazi moja moja. Anayerukia kwa mkuu wa kitivo siku ya kwanza hujifungia milango ambayo bado ataihitaji. Na kubadilisha msimamizi si aibu wala si vita. Kanuni zimeweka fomu kwa sababu jambo hilo hutokea.

Kitu kimoja cha kukubaliana mapema mno, tena kwa maandishi: majina kwenye makala zitakazotoka katika tasnifu. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina vigezo vinne vya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika wazo au data, ameshiriki kuandika au kuhakiki, ameidhinisha nakala ya mwisho, na amekubali kuwajibika kwa kazi. Vyote vinne kwa pamoja. Hata kama hausomi tiba, vigezo hivyo ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo ambayo wengi huyaogopa.

Hatua ya tatu: maktaba

Mkutubi ndiye mtu anayepuuzwa kuliko wote chuoni. Mwendee na mada yako, umwombe akae nawe saa moja. Vyuo vya Kenya hulipia majarida ya kielektroniki kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, kwa hiyo makala unayoambiwa ulipie dola thelathini mtandaoni huenda tayari imelipiwa na chuo chako. Uliza namna ya kuingia ukiwa nyumbani, kwa sababu wewe wa jioni hutakuwa kampasi saa nne asubuhi.

Siku hiyohiyo weka Zotero kwenye kompyuta yako. Ni programu ya bure ya kuhifadhi marejeleo, na itakuokoa wiki nzima za kupanga orodha mwishoni.

Kuhusu Turnitin, mfumo wa kupima kama kazi imenakiliwa, tahadhari: usimpe kijana wa saiba akupimie tasnifu kwa akaunti asiyoijua mwenyewe ni ya nani. Kazi ikihifadhiwa kwenye hazina ya mfumo kupitia akaunti hiyo, siku chuo chako kitakapoipima rasmi itaonekana umenakili, na uliyemnakili ni wewe mwenyewe. Pima kupitia maktaba au msimamizi tu.

Wa historia, lugha na utamaduni wasiishie maktaba ya chuo. Makumbusho ya Kitaifa yana kituo chake hapa Mombasa cha utafiti wa Uswahili, RISSEA, na wa bahari wana KMFRI pale Mkomani, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi. Nenda na barua ya utambulisho kutoka idarani.

Hatua ya nne: vibali, kwa mpangilio wake

Miezi mingi hupotea hapa kwa kufanya mambo kinyumenyume. Mpangilio ni huu. Kwanza pendekezo lako la utafiti litetewe na kupitishwa, na kurugenzi ikupe barua. Pili, upeleke pendekezo kwa kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa na NACOSTI, ambayo ni Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Tatu, uombe leseni ya utafiti mtandaoni kwa NACOSTI yenyewe, kwa mujibu wa sheria ya 2013. Nne, ukiwa na leseni, ujitambulishe kwa Kamishna wa Kaunti, na kwa ofisi ya elimu ya kaunti ukiwa unaingia shuleni. Tano, mahali penyewe: hospitali ina utaratibu wake, bandari ina wake, na ukitaka kufanya kazi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa utazungumza na KWS, shirika la taifa la wanyamapori. Usikusanye hata dodoso moja kabla ya kibali cha maadili, kwani kamati hazitoi kibali cha kurudi nyuma na majarida huuliza namba ya kibali.

Leseni ina muda wake. Tazama tarehe ya kwisha, uombe kuihuisha mapema. Ukikusanya majina, namba za simu au habari za afya za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu: waeleze unachukua nini na kwa nini, hifadhi kwa nywila, na usiache fomu zenye majina zikizagaa nyuma ya gari.

Fomu ya ridhaa ndiyo ninayoiombea umakini zaidi. Nyingi huandikwa kwa Kiingereza kisha kutafsiriwa usiku mmoja, na bibi wa Kisauni anasomewa kitu ambacho hata msomaji hakielewi. Iandike upya kwa Kiswahili cha kawaida. Badala ya "ushiriki ni wa hiari na mshiriki anaweza kujiondoa bila athari hasi", andika "Ukitaka kuacha, acha wakati wowote. Hutaulizwa sababu, na matibabu yako hapa yataendelea vilevile." Mpe mtu mwingine airudishe kwa Kiingereza bila kuona ya kwanza, ulinganishe. Kama washiriki wako wanazungumza Kigiriama au Kidigo, tafuta mzungumzaji mapema na umweke kwenye bajeti.

Kisha panga kalenda ya nyanjani kwa hali ya hapa. Mahojiano ya alasiri Mji wa Kale wakati wa Ramadhani hayafai. Nenda asubuhi, au ngoja Idi ipite. Wavuvi utawapata pwani zaidi msimu wa kusi bahari ikichafuka, na kaskazi wako baharini. Anayepima mikoko ya mkondo wa Tudor au miamba ya Nyali lazima ajue siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwa sababu maji mafu hayatamfunulia kitu. Kwa kukusanya data, KoboToolbox inafanya kazi kwenye simu hata pasipo intaneti na ina toleo la bure. R na QGIS nazo ni za bure kwa hesabu na ramani.

Hatua ya tano: pesa

Kwa kifupi, maana tarehe hubadilika kila mwaka. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ina mikopo ya uzamili, wala si ya shahada ya kwanza tu. Mfuko wa Taifa wa Utafiti, NRF, umewahi kufadhili utafiti wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, ina ofisi Nairobi na hufadhili masomo ndani ya Afrika. Wa sayansi za bahari wasiikose WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar, ambayo ina ruzuku ndogo za utafiti zinazowalenga vijana wa ukanda huu wa Bahari ya Hindi. Weka tayari faili moja lenye nakala za vyeti, pendekezo la kurasa mbili, bajeti, na wasifu wako. Tangazo likitoka na wiki mbili tu, mwenye faili huomba, asiyekuwa nalo hukimbizana na mihuri.

Hatua ya sita: chapisha, lakini usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Ukishatetea pendekezo tu utaanza kupokea barua pepe za kukusifu: "mtafiti mashuhuri", makala yako itatoka ndani ya siku tano, lipa dola mia. Hayo ni majarida ya utapeli. Yanachukua pesa, hayapitii kazi, na makala ikitoka humo huwezi kuipeleka kwingine. Kabla ya kutuma, tafuta jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, au AJOL, ile tovuti ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998. Pitia maswali ya kupima jarida kwenye tovuti ya Think. Check. Submit.; soma makala tatu zilizomo; kisha muulize mkutubi. Likiwa jarida la kweli lenye ada kubwa, andika kabla ya kutuma uombe punguzo. Wachapishaji wengi wana punguzo au msamaha kwa watafiti wa nchi kama yetu, ila hutolewa kwa anayeomba.

Jisajili ORCID, mfumo wa kuwatambulisha watafiti, upate namba yako ya tarakimu kumi na sita. Ni bure, na kwetu sisi wenye akina Fatma Ali na Mohamed Omar wengi ina maana kubwa: kazi zako hazitachanganywa na za mwenzako. Na ukihitaji mwongozo wa kuandika, AuthorAID huwaunganisha watafiti wa nchi zinazoendelea na washauri wazoefu, na ina mafunzo ya mtandaoni, yote bila malipo.

Hatua ya saba: jijenge kikazi ukiwa bado mwanafunzi

Si kila mwenye shahada ya pili atakuwa mhadhiri; nafasi hazitoshi. Kwa hiyo kila muhula jipatie jambo moja linaloonekana.

Omba kusaidia kufundisha: kusimamia maabara, kuongoza vikundi vya majadiliano, kusahihisha. Dai barua yenye jina la somo na idadi ya saa, kwa sababu baada ya miaka miwili mwenyekiti wa idara atakuwa mwingine.

Jifunze kueleza kazi yako kwa ufupi. Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia kilianzisha 2008 mashindano ya kueleza tasnifu kwa dakika tatu, slaidi moja isiyosogea, bila vifaa vingine. Hoja yao ilikuwa kwamba tasnifu ya maneno 80,000 ingechukua saa tisa kuisoma mbele ya watu. Fanyeni hivyo wenyewe kwa wenyewe, watu watano darasani Jumamosi. Halafu fanya mara ya pili kwa Kiswahili, mbele ya watu uliowahoji. Ukiwarudia wavuvi wa kikundi cha ufuo na matokeo, utapata maswali makali kuliko ya kongamano lolote, na utakuwa umewalipa haki yao.

Andika wasifu wa aina mbili. Wa kitaaluma una makala, makongamano na ufundishaji. Wa kazi nyingine una vitendo. Mwajiri wa bandarini au shirika la maendeleo akisoma "nilifanya tasnifu kuhusu mikoko" hapati kitu. Akisoma "nilipata vibali vya ofisi tatu, nikafundisha wasaidizi wawili, nikasimamia bajeti ya utafiti na kuwasilisha ripoti kwa muda", anaona mtu wa kumpa kazi. Utakuwa umeyafanya hayo yote, yaandike.

Ofisi ya ajira ya chuo, kama ipo, iendee kwa ombi mahususi: wakusomee wasifu, wakufanyie usaili wa majaribio, wakuunganishe na waliohitimu wanaofanya kazi unayoitaka. Swali la "mna kazi gani?" halina jibu.

Hatua ya nane: afya yako na wenzako

Utafiti uliochapishwa katika Nature Biotechnology mwaka 2018 uliuliza watu 2,279, wengi wao wakiwa wa uzamivu, kutoka nchi 26. Asilimia 41 walionyesha wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikali, na asilimia 39 sonona ya kiwango hicho. Walioishi vizuri na msimamizi na waliokuwa na mizani kati ya kazi na maisha walikuwa na hali njema zaidi. Huku kwetu mtu huambiwa asali na avumilie. Sala ina nafasi yake, na mshauri nasaha ana yake. Ofisi ya ushauri ya chuo ni siri, na karo yako imeshailipia. Usiku ofisi imefungwa, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure, 1199.

Dawa nyepesi kuliko zote ni kikundi cha kuandika. Watu wanne au watano, idara hata zikiwa tofauti, saa mbili kila Jumamosi asubuhi maktabani. Kila mmoja aseme atakachoandika, simu ziwekwe kando, mwishoni aseme alichofikia. Kina mama wenye watoto wadogo wapewe nafasi ya kuchagua saa. Wao ndio huacha kwanza, na mara nyingi kinachowaangusha ni ratiba.

Hatua ya mwisho: kuwasilisha na kuondoka vizuri

Vyuo vingi hutaka notisi ya kusudio la kuwasilisha tasnifu miezi kadhaa kabla, ili watahini wateuliwe. Itume mara tu msimamizi anaposema rasimu imekaa sawa. Ukishatetea, tengeneza jedwali la safu tatu: alichotaka mtahini, ulichofanya, na ukurasa ulipo. Marekebisho yaliyopangwa hivyo hupitishwa haraka kwa sababu hakuna anayelazimika kuyawinda. Kamilisha hati za kuondokea, rudisha vitabu, weka nakala maktabani na upeleke nyingine NACOSTI kama masharti ya leseni yanavyotaka.

Kabla hujaacha kutumia barua pepe ya chuo, hamisha mawasiliano yako yote na data yako kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Kisha muombe kila msimamizi, ana kwa ana, ruhusa ya kumtaja kama mdhamini. Mwachie wasifu wako mpya na orodha ya mambo manne au matano aliyokuona ukiyafanya, apate cha kuandika siku simu ya mwajiri itakapomfikia.